Watu Mia Nane na Kumi na Wawili Chini ya Paa Moja

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba nimelisahau, la hasha. Limefungiwa kwenye kabati la chuma katika Ofisi ya Mashaka, na mwenye ufunguo hajulikani, kwa usalama wake mwenyewe. Sisi wananchi tunasema "hapa kwetu," na inatosha. Adui akisikia "hapa kwetu" atajua ni wapi?

Hapa kwetu hatujuliani hali. Watu wakikutana asubuhi, mmoja huuliza, "Umetumwa na nani?" na mwenzake hujibu, "Nimekuja mwenyewe." Kisha hupeana mikono, kila mmoja akiuangalia vizuri mkono wa mwenzake. Wageni wachache waliowahi kufika walisema salamu hiyo ni ya ajabu. Tukawauliza nani kawatuma waseme hivyo, nao wakafunga mizigo.

Mimi ni karani wa rejesta katika Shirika la Taifa la Vifungo na Zipu. Jengo letu lina ghorofa nne. Chini kabisa ni duka la kuuzia umma vifungo, huko juu ni ofisi, na meza yangu iko ghorofa ya nne, chini ya paa. Kila asubuhi wafanyakazi husaini kuingia, kila jioni husaini kutoka, na rejesta ndiyo inayojua nani yupo. Rejesta inasema tuko mia nane na kumi na wawili.

Msomaji, usiniangalie hivyo. Miaka kumi na moja iliyopita Ofisi ya Mashaka iliagiza kila idadi nchini ikuzwe, ili adui akiiba karatasi zetu apate kizunguzungu. Mimi ndiye niliyewapa majina hao walioongezwa, na mimi ndiye ninayewasainia asubuhi na jioni, kila mmoja na mwandiko wake. Kazi hii naipenda na sioni aibu kuisema. Paa letu nalo lilikuzwa siku hiyohiyo. Ramani inasema unene wake ni futi mbili na kwamba helikopta tatu zinaweza kutua juu yake kwa wakati mmoja. Mimi sijawahi kuona helikopta hata moja, lakini ramani si yangu.

*

Habari ya viyoyozi ilianza kwa jasho. Mji wetu uko mlimani: asubuhi meno yanagongana kwa baridi, na ikifika saa nane mchana jua linachoma mpaka gundi ya bahasha inayeyuka. Sasa, kila mtu hapa kwetu anajua kwamba anayetoka jasho ana jambo analificha. Afande Chuwa, ofisa wa Mashaka aliyepangiwa jengo letu, alikuwa akipita kila mchana na kuandika majina ya wenye jasho. Mwezi wa pili wa kiangazi aliandika jengo zima, na siku ya mwisho wa mwezi alijiandika na yeye mwenyewe, maana ni mtu wa haki.

Ndipo Mkurugenzi Mkuu wetu, Mheshimiwa Bartolomayo Sengati, akaitisha kikao. Mheshimiwa ana sauti nene na suti ya vifungo kumi na viwili.

"Ndugu zangu," alisema, "jasho limeingia katika safu zetu. Hatuwezi kumtambua msaliti iwapo na wazalendo wanalowa. Nimeamua kuweka juu ya paa mitambo ya kupoza na kupasha hewa, ili mchana tuwe wakavu na asubuhi tusitetemeke, kwa sababu mtu anayetetemeka naye ana lake jambo. Atakayelowa baada ya hapo, tutamjua."

Tukapiga makofi. Mimi niliandika kwenye kumbukumbu kwamba makofi yalikuwa ya watu mia nane na kumi na wawili.

*

Aliyeletwa kuchagua mitambo aliitwa Injinia Zamoyoni Kitwana, mwanamke mwembamba mwenye penseli sikioni. Mlangoni nilimuuliza, "Umetumwa na nani?" Akajibu, "Na barua yenu hii." Hapohapo nikamtilia shaka. Mtu wa kawaida husema amekuja mwenyewe.

Na maswali yake sasa. Mlango mkuu umeelekea wapi? Madirisha ni mangapi, na jua linaingilia lipi mchana? Watu wanaingia saa ngapi, wanatoka saa ngapi, wanakaa wapi? Nilikuwa nimeagizwa nimfuate kila hatua na kuandika anachouliza. Nikaandika kurasa tisa, na nilipozisoma nikaona kabisa kwamba nimeshika mpango wa kutuvamia.

"Dada Injinia," nikamwambia, "kiyoyozi kinataka kujua watu wanakaa wapi kwa nini?"

"Kwa sababu watu wana joto, kaka. Mtu mmoja akikaa tu anatoa joto kama balbu ya wati mia. Nikijua mko wangapi najua nipoze kiasi gani. Mtambo ukiwa mdogo mtaungua. Ukiwa mkubwa kupita kiasi nao ni balaa: unapiga baridi dakika tatu, unazima, unawaka tena, kutwa nzima, huku kuta zinatoa unyevu na paa linatikiswa. Basi niambie. Mko wangapi?"

"Mia nane na kumi na wawili."

Akachungulia ukumbini. Palikuwa na Mama Kidawa anayetupikia chai, Bwana Limbu wa idara ya vifungo vya matundu manne, na meza nyingi tupu zenye majina.

"Wote hao wako wapi?"

"Wamesaini," nikasema.

Akaitoa penseli sikioni, akairudisha. Nami nilikuwa na mashaka yangu. Roho iliniambia huyu ni mtego wa Afande Chuwa, katumwa anipime kama nitatoboa siri. Angeniuliza mara kumi ningejibu vilevile.

Basi hakuniuliza tena. Alikwenda jikoni akamsaidia Mama Kidawa kuosha vikombe, wakawa wanaongea mambo ya watoto na ya magoti yanayouma. Kisha, kama mtu asiye na haja, akamuuliza, "Mama, kwa siku unamimina vikombe vingapi?"

"Arobaini na sita, mwanangu. Hakuna asiyekunywa."

Kwenye daftari lake aliandika arobaini na sita. Halafu akapanda juu ya paa na kekee, akatoboa tundu dogo pembeni, akaingiza kijiti na kukipima. Aliposhuka uso ulikuwa umembadilika.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "paa lenu si futi mbili. Halifiki hata shubiri moja. Nani alichora ile ramani?"

*

Kamati ya Ubaridi, iliyoundwa kuamua habari ya mitambo, ilikaa siku ya Jumanne. Zamoyoni alisimama na daftari lake na kueleza bila kupamba: jengo lina watu arobaini na sita, mtambo mmoja wa wastani unawatosha, na paa linauweza huo mmoja tu, tena ukikalishwa juu ya boriti za chuma zilizoegemea kuta za nje. Kwa watu mia nane na kumi na wawili ingetakiwa mitambo sita. Ikiwekwa sita, paa litashuka juu ya walioko ghorofa ya nne. Alilirudia hilo la mwisho mara mbili.

Mheshimiwa Sengati alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Injinia, rejesta inasema mia nane na kumi na wawili. Wewe unasema arobaini na sita. Afande, wanabaki wangapi?"

Afande Chuwa akapiga hesabu kwenye kiganja. "Mia saba sitini na sita, Mheshimiwa."

"Watu mia saba sitini na sita," Mheshimiwa akasema, na sauti ikamtetemeka kwa uchungu wa kweli. "Wana wa nchi hii. Asubuhi wamesaini kuingia, na Injinia anatuambia hawamo. Sasa ninakuuliza mbele ya Kamati: umewapeleka wapi?"

"Mheshimiwa, hao watu hawapo. Hawajawahi kuwapo."

"Kamati imesikia. Si kwamba wamepotea tu, bali hata kuzaliwa kwao kumefutwa. Huyu mtu ametumwa na nani?"

Zamoyoni akanigeukia. Macho yake yalikuwa yananiomba. Alijua kwamba mimi ndiye mwenye mwandiko.

"Karani," akasema Mheshimiwa, "rejesta inasemaje?"

Nilimfikiria Mama Kidawa, nikafikiria meza yangu chini ya lile paa. Halafu nikamwona Afande Chuwa amefungua daftari lake ukurasa mpya kabisa, kalamu imeshuka tayari.

"Mia nane na kumi na wawili, Mheshimiwa."

Wakamnyang'anya kitambulisho, wakampiga marufuku kuingia jengoni, na wakamwambia ashukuru kwamba Kamati ina moyo wa huruma. Alipopita karibu na meza yangu alisema taratibu, "Kaka, basi hamisha meza yako." Nikaliandika na hilo, kwamba alinitishia.

*

Mitambo sita ililetwa kwa msafara, matarumbeta mbele. Winchi ya jeshi iliipandisha mmoja mmoja huku wanafunzi wakipeperusha vibendera. Zile boriti za chuma alizozishauri Zamoyoni hazikuwekwa, kwa kuwa paa linalobeba helikopta tatu haliwekewi magongo. Mheshimiwa alibonyeza kitufe na kusema kwamba kuanzia siku hiyo taifa limekauka.

Yaliyofuata yalikuwa kama alivyosema yule dada, na hilo lilituongezea mashaka juu yake, maana amejuaje? Baridi ilishuka kama ndoo ya maji, baada ya dakika tatu ikakatika, baada ya tano ikarudi. Kila mitambo ilipowaka vijiko vya Mama Kidawa vililia kwenye trei. Kuta zilitoa majimaji. Tulifanya kazi mchana kweupe tumevaa makoti, na Afande Chuwa akaanza kuandika majina ya wanaotetemeka.

Bwana Limbu, ambaye miaka yote alikuwa mtu wa kujinyamazia, alipeleka barua ya kuomba punguzo la baridi. Alijibiwa kwamba kipimo ni sahihi kwa watu mia nane na kumi na wawili, na iwapo yeye anahisi baridi basi ajiulize kwa nini wenzake mia saba sitini na sita hawalalamiki.

Wiki ya tatu ukatokea ufa kwenye dari. Ulianzia juu ya kabati la faili, ukapita juu ya meza yangu, ukaelekea jikoni. Mafundi wetu walikuja wakaupaka chokaa. Kesho yake ukapita kwenye chokaa. Wakaleta picha kubwa ya Mheshimiwa wakaipigilia darini juu ya ufa, na kwa siku mbili hatukuuona, kisha ukajitokeza upande wa pili wa fremu. Mama Kidawa aliniambia, "Mwanangu, mimi hapa nina wasiwasi." Nikamwambia wasiwasi ni mzuri, ni uzalendo. Alinitazama kama mama anayemtazama mtoto aliyejibu ovyo, akaenda zake kuchemsha maji.

*

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nane kasoro. Mwanamke mmoja aliingia dukani chini amejitanda mtandio, akaulizia vifungo vya gauni, na muuzaji alipogeuka kuvitafuta yule mwanamke akapanda ngazi. Nilimtambua alipotokea ghorofa ya nne. Alikuwa Zamoyoni.

Hakunisalimu. Alitazama dari, akapanda juu ya meza yangu, akaugusa ufa kwa kidole, vumbi likamwagika kwenye mkono wake.

"Kaka, watoe watu. Sasa hivi, wote. Mimi nakwenda kuzima umeme wa mitambo."

Nikasema ndiyo, dada. Nikashuka ngazi mbio.

Hapa msomaji atadhani nilikwenda kuwaita watu. Afadhali nikwambie mwenyewe kabla hujaniuliza: nilikwenda kwa Afande Chuwa, kibandani kwake getini, kumshtaki. Mtu aliyepigwa marufuku ameingia jengoni, na mimi nimemwona. Nisingesema, ningekuwa nimeshirikiana naye. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na niliwaza haraka sana, maana ni mazoea ya miaka. Afande alinipa fomu. Niliandika jina langu. Niliandika jina la Zamoyoni. Nilikuwa kwenye mstari unaouliza "Unamshuku kwa lipi?" ndipo niliposikia kishindo, na ardhi ikaruka chini ya kiti.

Nilipotoka nje ghorofa ya nne haikuwapo. Ilikuwa imelala juu ya ghorofa ya tatu, na mitambo yetu sita imelala juu ya zote mbili. Watu walikuwa wakitoka mlangoni weupe kwa vumbi, wakikohoa, wakilia. Mmoja alinishika shati akasema kuna dada kapita meza kwa meza akiwasukuma ngazini, na kama si yeye wasingetoka.

Nikawahesabu. Baada ya miaka kumi na moja, siku hiyo ndiyo nilihesabu watu kwa kuwaangalia nyuso. Walikuwa thelathini na tisa, pamoja na mimi na Mheshimiwa aliyekuwa kwenye gari lake. Mama Kidawa hayumo. Bwana Limbu hayumo. Walikosekana saba, na dada yule.

*

Jeshi lilifika na makoleo, likapanga mstari, likasubiri amri. Mheshimiwa Sengati alipanda juu ya boneti la gari.

"Ndugu wananchi, jengo limejipunguza ghorofa moja kwa sababu za kiufundi. Wafanyakazi wote mia nane na kumi na wawili wametoka salama. Jeshi litarudi kambini mara tu rejesta itakapothibitisha."

"Mheshimiwa," nikasema, "kuna watu ndani."

"Umejuaje? Wewe ulikuwa nje."

Hapa kwetu mdomo si ushahidi, na mtu aliyeona ndiye wa kwanza kushukiwa. Kinachoaminiwa ni karatasi. Afande Chuwa akaniletea rejesta, kwa maana kila siku niliishusha mchana kwake aikague, nayo ilikuwa salama mezani pake.

"Wasainie kutoka, Karani. Fanya upesi."

"Afande, tuanze kuchimba wakati nasaini."

"Rejesta ambayo haijakamilika haisomwi. Unajua hilo."

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara na kuanza. Kwa siku za kawaida kazi hiyo hunichukua saa mbili. Siku hiyo ilinichukua dakika arobaini, na katika dakika zote hizo nilikuwa nasikia kutoka chini ya zege kitu kinagonga bati, tatu tatu, kinanyamaza, kinagonga tena. Lilikuwa birika la Mama Kidawa. Askari nao walilisikia, wakawa wanatazama viatu vyao. Niliwatoa idara ya matundu mawili, nikawatoa idara ya zipu, watu wasiowahi kupumua nikawatoa mmoja mmoja salama salimini, huku mkono unaniuma na machozi yananidondokea kwenye karatasi. Nilikuwa nimejichukia kiasi ambacho sikujua kwamba mtu anaweza.

Nilipofika kwenye jina la Mama Kidawa nikaliruka. Nikaliruka la Bwana Limbu, na la wale watano. Ukabaki mmoja. Zamoyoni hakuwa na mstari, yeye alipigwa marufuku, hapa kwetu alikuwa hayupo kabisa. Basi nikamtafutia. Katika idara ya zipu nilikuwa nimeandika jina la Rozalia Mpangile, mtu niliyemtunga mwenyewe. Nikarudi juu, nikakwangua saini yake ya kutoka kwa ukucha mpaka karatasi ikawa nyeupe.

Nikafunga kitabu na kumpa Afande.

Akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Ghafla kidole kikasimama.

"Hawa wanane hawajasaini kutoka."

"Ndiyo, afande."

"Wako wapi?"

"Rejesta inasema wamo ndani, afande. Wamekaa humo bila kusaini. Sijui wanafanya nini."

Uso wa Afande ukabadilika. Watu wanane, peke yao, ndani ya jengo la serikali, baada ya amri ya kutoka. Alimtazama Mheshimiwa, na Mheshimiwa akateremka kwenye boneti kwa upesi ambao sikuutarajia kwa mwili ule.

"Wakamateni," akasema.

Sijawahi kuona watu wakichimba vile. Walichimba kwa makoleo, kwa mikono, kwa kofia za chuma, wakaivuta winchi ikanyanyua mitambo mmoja baada ya mwingine, huku Afande Chuwa akiwapigia kelele kwamba hao wanane wasipewe nafasi ya kutoroka. Mama Kidawa walimtoa kwanza, mguu umevunjika, birika mkononi, na wakamtia pingu. Wale watano wakatoka hai, wakatiwa pingu. Bwana Limbu walimtoa amekufa. Niliagizwa nimsainie, kwa kuwa hata hivyo ametoka, nikamsainia, na mwandiko wake ule wa herufi ndogondogo sikuuweza.

Wa mwisho alikuwa chini ya ngazi za jikoni. Wakamtoa amejaa vumbi kichwani hata nywele hazijulikani, mkono wa kulia umening'inia. Afande Chuwa akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. Niliona anajaribu kukumbuka sura ile aliiona wapi.

"Huyu ni nani?"

"Rozalia Mpangile, afande," nikasema. "Idara ya zipu. Namfahamu miaka kumi na moja."

Zamoyoni aliniangalia. Hakuuliza nilikuwa wapi paa liliposhuka, na sidhani kama alihitaji kuuliza. Nikamwekea kitabu mbele, nikamwonyesha mstari, akaishika kalamu kwa mkono wa kushoto na kuandika jina la mtu asiyekuwapo, pole pole, herufi zimelala.

Afande akafunua kurasa za nyuma. Akaziangalia saini za Rozalia za mwezi ule, za mwezi uliopita, kisha hii.

"Karani, huu mwandiko si wake."

"Mkono umevunjika, afande. Uangalie."

Akauangalia. Mfupa ulikuwa umetokeza.

"Kweli," akasema, akafunga kitabu.